Herufi N, Ng'ambo na amri ya read: kompyuta ilivyojifunza kuuliza

Wiki hii sina picha za Forodhani wala malalamiko ya boom. Nimezama kwenye historia, na swali lenyewe ni hili: kompyuta ilianza lini kumuuliza mtu jambo na kukaa kimya ikisubiri jibu? Na ikishajibiwa na mtu wa Unguja, inalisoma vipi jibu lake?

Msikimbie, hasa nyie wenzangu wa ualimu mnaosema kompyuta ni za watu wa IT. Nazungumzia sheli, na siyo ile ya kutilia mafuta. Sheli ninayoisema mimi ni programu inayokaa kati yako na kompyuta: unaandika amri, inaipokea, inaitekeleza, halafu inarudi kukusubiri. Ukiziandika amri zako kwenye faili moja ili zitekelezwe kwa mfuatano, hiyo ndiyo skripti. Na ndani ya skripti, amri inayochukua kile alichoandika mtu inaitwa read, yaani "soma". Kineno cha herufi nne tu, lakini kina historia ndefu na, kama mtakavyoona, kina mambo yanayotuhusu sisi hapa kisiwani.

Zama za kutoulizwa

Tuanzie Shangani. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandika waya chini ya bahari kutoka Aden kuja Unguja, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Lile jengo la zamani la simu pale Shangani, ambalo siku hizi ni hoteli ya Serena, ni kumbukumbu ya kazi hiyo. Mfanyabiashara wa karafuu aliandika ujumbe wake kwenye karatasi, karani akaugeuza kuwa ishara za umeme, ng'ambo ya pili ukapokewa. Mashine haikumuuliza kitu. Kama kuna neno halisomeki, aliyeuliza alikuwa karani, mtu kwa mtu, na karani alimjua mteja wake na lugha yake.

Kompyuta za mwanzo nazo zilikuwa hivyo hivyo. Ulipeleka kadi zako zilizotobolewa, ukaziacha dirishani, ukarudi baadaye kuchukua majibu. Kama umekosea kadi moja, safari imekula kwako. Mabadiliko yalianza mwaka 1961, pale Fernando Corbató na wenzake wa MIT, Marekani, walipoonesha mfumo wa CTSS. Hapo watu kadhaa waliweza kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu na mashine yake ya kuandikia. Mashine hizo zilikuwa za ukoo wa simu za maandishi, teletype, na mpaka leo ukifungua Linux utakuta jina tty limebakia. Hata ile Ctrl-D tunayobonyeza kusema "nimemaliza" ni herufi namba 4 katika orodha ya ASCII, na maana yake ya asili ni mwisho wa kupeleka ujumbe. Kwa hiyo karani wa Shangani, kwa namna fulani, bado yumo ndani ya kompyuta zetu.

Kwenye CTSS hiyo hiyo, miaka ya 1960, Mfaransa Louis Pouzin aliandika programu ya kutekeleza amri zilizohifadhiwa kwenye faili, akaiita RUNCOM. Yeye ndiye aliyekuja na jina shell. Zile herufi mbili "rc" kwenye faili la .bashrc zimetoka kwenye RUNCOM. Kumbe!

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza Unix huko Bell Labs, na kitabu cha kwanza cha maelezo yake kikatoka 1971. Sheli ya wakati huo, aliyoiandika Thompson, iliweza kutekeleza skripti, lakini kumuuliza mtu ilikuwa shida. Sababu yake inachekesha. Skripti yenyewe ndiyo iliyokaa kwenye mlango wa kuingizia maneno. Mlango huo kwa kawaida ni kibodi, sasa ukishakaliwa na faili la amri, mtu ataongea kupitia wapi? Hata amri ya goto ilifanya kazi kwa kusogeza mahali pa kusomea ndani ya faili hilo hilo. Yaani skripti ilijisomea yenyewe kama mtu anayejihutubia chumbani.

1979: read inazaliwa

Miaka 100 kamili baada ya waya wa Shangani, mwaka 1979, Bell Labs ikatoa toleo la 7 la Unix likiwa na sheli mpya ya Stephen Bourne. Bwana huyu alikuwa ameshafanya kazi na lugha ya ALGOL 68, ndiyo maana "if" anaifunga kwa "fi" na "case" anaifunga kwa "esac", maneno yaliyopinduliwa. Na humo ndimo ilimo read. Mstari mmoja unasomwa, neno la kwanza linaingia kwenye kigeu cha kwanza, la pili kwenye cha pili, na yanayobaki yote yanajazana kwenye kigeu cha mwisho.

Baadaye David Korn akaja na sheli yake mwaka 1983. Brian Fox akaandika Bash, iliyotoka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, na hiyo ndiyo wengi wetu tunaikuta kwenye Linux. Kiwango cha POSIX cha 1992 kikaiweka read kwenye sheria za pamoja. Bash ya leo inakupa nyongeza nzuri: -p ya kuandika swali, -s ya kuficha neno la siri lisionekane likiandikwa, -t ya kuweka muda wa kusubiri, na -r ya kusoma maneno kama yalivyo bila kuchezea alama.

Na sisi tulikuwa wapi wakati huo? Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, mpaka kwa kibali maalumu. Silaumu mtu, nchi ilikuwa na mambo yake na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Nataja tu ili tuelewe kwamba wakati jinsi ya kompyuta kumuuliza mtu ilipokuwa inaamuliwa, Mswahili hakuwemo chumbani. Haya yanayofuata yametokana na hapo.

Inasoma, haielewi

Kitu cha kwanza kukijua: unapoandika jibu, read bado haijaona hata herufi moja. Kerneli inakushikia mstari wako, unafuta, unarekebisha, mpaka ubonyeze Enter. Hapo ndipo mstari mzima unakabidhiwa. Cha pili: read haijui aliyejibu ni nani. Inaweza kuwa ni mtu, inaweza kuwa ni faili lenye majina ya wanafunzi 300, inaweza kuwa ni programu nyengine. Kuna hata amri inaitwa yes, kazi yake ni kuandika y, y, y bila kuchoka, ili ijibu maswali badala yako. Rafiki wa namna hiyo sote tunaye.

Kwa hiyo maana haimo kwenye read. Maana inatiwa na yule aliyeandika swali. Akiwa hawajui anaowauliza, basi wataumia wao. Ngoja niwape mifano ya hapa hapa.

Mfano wa kwanza ni majina. Hapa kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu. Mwandishi wa skripti ataandika hivi:

read jina baba babu

Akija Asha Juma Haji, mambo safi. Sasa aje mtu anayeandika Abdul Rahman mbali mbali, Abdul Rahman Juma Haji. Kompyuta itamwita Abdul, babake itamfanya Rahman, na babu yake atakuwa "Juma Haji". Mtoto kapewa baba mwengine hivi hivi! Kwenye orodha ya mitihani hilo siyo jambo la kuchekea, maana jina likipishana na la cheti cha kuzaliwa ndiyo mwanzo wa kuzungushwa maofisini. Dawa yake ni kuuliza mara tatu, kila jina na mstari wake.

Mfano wa pili ni Ng'ambo, upande wa pili wa mji, wanakoishi watu wengi kuliko Mji Mkongwe. Fungua sheli uandike:

echo Ng'ambo

Haitakujibu. Itakuletea alama hii > na kukaa inasubiri. Kwa nini? Kwa sababu ile ritifaa kwenye ng', kwa sheli, ni alama ya kufungua nukuu, na inangojea uifunge. Ng'ambo yote imekuwa nukuu isiyofungwa! Hapo read ndiyo inayokuokoa, maana ukiandika "read mtaa" halafu ukajibu Ng'ambo, inapokea bila tatizo. Yenyewe haitafsiri ritifaa, inaichukua kama herufi. Tatizo linarudi pale mwandishi anapochukua jibu lile na kulitia tena kwenye sheli litekelezwe kama amri. Na ukinakili jina kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, mara nyingi ritifaa hugeuzwa ikawa ya kupinda, na kwa kompyuta hiyo ni alama nyengine kabisa. Mitaa miwili kwenye orodha, kumbe ni mmoja.

Hapa historia inachekesha kidogo. Mwaka 1870 Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoa kitabu chake cha kueleza Kiswahili kama kinavyosemwa Zanzibar. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia kazi hiyo. Kwa hiyo lugha inayoandikwa leo kutoka Lamu mpaka Kongo msingi wake ni wa hapa. Lakini jina la mtaa wa hapa hapa, lililoandikwa kwa tahajia hiyo sanifu, linaikwamisha sheli.

N ya nani?

Sasa tufike kwenye lile lililonifanya niandike. Programu nyingi zinauliza swali na kumalizia kwa y/n. Y ni yes, N ni no. Kwetu je? Ndiyo inaanza na N. Naam inaanza na N. Ya kukataa ni hapana, la, siyo, hasha, na hakuna hata moja yenye N mbele. Yaani herufi ile ile, kwa Mwingereza ni kukataa, kwa Mswahili ni kukubali.

Niliwahi kuona tukio katika maabara moja ya kompyuta, chuo sikitaji. Kulikuwa na skripti ya kusafisha mashine kila jioni, na aliyeiandika alijitahidi kutumia Kiswahili. Iliuliza: "Tuhifadhi faili zako kwanza? y/n". Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, katoka skuli ya shamba, akabonyeza n kwa ndiyo. Insha yake ya siku nzima ikaenda na maji. Waliokuwepo wakacheka, wakasema hajui Kiingereza. Mimi sikuona cha kuchekesha. Swali aliulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili. Aliyebadilisha lugha katikati ya sentensi ni skripti.

Wenzangu wa ualimu tunafundishwa kwamba mwanafunzi akikosea swali, kwanza litazame swali. Mwalimu akitunga swali lenye utata, hamnyimi mtoto alama, analifuta swali. Sioni kwa nini kompyuta isamehewe.

Na y/n haina nafasi ya jibu tunalolipenda kuliko yote: bado. Ukiulizwa "umemaliza?" Mzanzibari hasemi hapana, anasema bado. Bado siyo hapana. Ina ahadi ndani yake. Halafu kuna swali la kukanusha. Nikikuuliza "Hujala?" nawe hujala kweli, utajibu "Ndiyo, sijala". Mwingereza kwenye swali kama hilo, yes yake ina maana ameshakula. Sasa fikiria programu iliyotafsiriwa neno kwa neno ikuulize "Hutaki kuhifadhi?" Ndiyo yako itakwenda wapi?

Hata saa. Skripti ikiuliza kipindi kinaanza saa ngapi, mtu wa hapa ataandika 2, kwa maana ya saa mbili asubuhi, na kompyuta itaweka kipindi usiku wa manane. Tofauti ya saa sita, na hakuna atakayetokea.

Njia ipo

Habari njema ni kwamba waliotunga viwango waliliona tatizo mapema. Kile kiwango cha POSIX cha 1992 kinaruhusu kila lugha itangaze herufi zake za kukubali na za kukataa, kwenye vitu viwili vinavyoitwa yesexpr na noexpr. Ukiwa kwenye Linux andika "locale yesexpr" uone mashine yako imepangwa vipi. Kwa hiyo programu inaweza kuitambua N yetu kuwa ni ndiyo, ilimradi aliyeiandika aulize mfumo badala ya kukariri y na n.

Watu wetu nao hawakulala. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huo huo wa 2004 hapa Zanzibar ikatungwa sheria ya kuanzisha BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Menyu zikaanza kusema Kiswahili. Lakini menyu ni kompyuta inayosema. Mimi naona kazi ngumu zaidi ni ya kusikiliza, yaani pale zamu inapokuwa ya mtu kujibu.

Kwa anayetaka kujaribu, hii hapa, itekelezeni kwa Bash:

read -r -p "Tuhifadhi kazi yako? Andika ndiyo, hapana au bado: " jibu
case "$jibu" in
  ndiyo|ndio|Ndiyo|Ndio|naam|Naam) echo "Haya, nahifadhi." ;;
  hapana|Hapana|la|La) echo "Sawa, sihifadhi." ;;
  bado|Bado) echo "Nakusubiri." ;;
  *) echo "Sijakufahamu. Tafadhali andika neno zima." ;;
esac

Mmeona nimeweka ndiyo na ndio. Usanifu unasema ndiyo, lakini nusu ya watu wanaandika ndio, na skripti siyo mahali pa kumsahihisha mtu tahajia wakati kazi yake inataka kupotea. Mstari wa mwisho, ule wenye nyota, ndio muhimu kuliko yote. Ukipata jibu usilolifahamu, usikisie, uliza tena. Amri ya zamani ya rm -i, inayouliza kabla ya kufuta, ina hekima kama hiyo: asipopata jibu la kukubali, hafuti. Asiyeelewa na akae upande usioharibu.

Basi ndugu zangu, tutakapokwenda skuli kufundisha, huenda baadhi yetu tukaandika vijiprogramu vya kuandikisha watoto au kuwapa majaribio. Tukumbuke kwamba mwenye kuandika swali ana nguvu kuliko mwenye kujibu. Mtoto wa Makunduchi au Nungwi akibonyeza N, tujue anasema nini kabla ya kumwandikia sifuri.

Nyie huko mliko mmeshakutana na programu iliyowasoma vibaya? Wakenya, Wakongo, jamaa wa Muscat, hebu niambieni kwenu "ndiyo" mnaiandika vipi. Mimi nawahi daladala kabla halijajaa. Kesho asubuhi nina somo saa mbili, ya kwetu.